Siku tatu kwa masista ng'ambo ya daraja, nyumba ya mafungo niliyoenda kulala tu

Nianze na nyota kabisa maana najua wengi wenu mnasomaga mwanzo tu mnaondoka. Nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya spika na taulo, nitaeleza huko chini, na kama wewe ni mtu wa kukasirika haraka unaweza kukata mbili sitakubishia.

Jina la nyumba silitaji. Masista wenyewe waliniomba nisiwatangaze, vyumba ni kumi na moja tu na simu ya kuwekea nafasi anaibeba sista mmoja ambaye ndiye huyo huyo anayeangalia bustani na kuku, kwa hiyo mkimpigia wote siku moja mtakuwa mmemtafutia ugonjwa. Mwenye shida kweli aulize parokia yoyote ya Sengerema au Misungwi ataelekezwa, nyumba za namna hiyo ziko kadhaa pembezoni mwa Ziwa Victoria. Na kwa kutoitaja nitakuwa na uhuru wa kusema na mabaya yake.

Sasa kwa nini mlokole mzima kama mimi nikaenda kulala kwa masista. Mimi ni Mlutheri, nakaa Nyakato hapa Mwanza, nina duka la dawa, na kanisani ni mtunza hazina wa kwaya, katibu wa kikundi cha akina mama, na tangu mwaka juzi nimo kwenye kamati ya ujenzi kwa sababu siku wanachagua mimi nilikuwa nimetoka kwenda chooni. Kwaya mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi jioni. Jumatano maombi. Ijumaa moja kwa mwezi mkesha. Jumapili ibada ya kwanza tunaimba, ya pili tunaimba, baada ya hapo kikao, na hicho kikao mara nyingi ajenda yake ni kupanga kikao kingine. Katikati hapo kuna kwenda Bugando kuona wagonjwa, misiba, sendofu, kitchen party, harambee ya kinanda, sare mpya ambazo kila mtu anataka kitenge kilichokwisha dukani. Magrupu ya WhatsApp ya kanisa peke yake ninayo tisa, na kwenye manne mimi ndiye admini.

Silalamiki jamani, kazi ya Mungu naipenda. Ila kuna usiku mmoja nimepiga magoti pembeni ya kitanda, nimeomba vizuri tu, watoto, duka, mama yangu kijijini, halafu kwenye kumalizia badala ya kusema amina nikasikia mdomo wangu unasema "wenu katika huduma, mtunza hazina". Kwa sauti kabisa! Baba watoto alikuwa kitandani akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, halafu taa ilipozimwa nikalia maana nilijiuliza mara ya mwisho kuomba bila kuwa natoa taarifa ilikuwa lini, nikakosa jibu.

Nikaanza kutafuta pa kupumzika. Na hapa niseme ukweli, mafungo ya kwetu wapendwa mengi siyo kupumzika, ni semina yenye njaa ndani yake. Nimeshaenda mlima wa maombi siku tatu bila kula, saa tisa usiku mmeamshwa mnaomba mkizunguka, wahubiri watano kwa zamu, unarudi nyumbani sauti imekauka na mgongo unauma. Kufunga kuna mahali pake, nimefunga na nitafunga tena, lakini mtu aliyechoka ukimnyima na chakula na usingizi juu yake hujampumzisha, umemmalizia. Hoteli za Capri Point nazo niliwaza, pazuri, ziwa lile pale, ila hela yake kwa usiku mmoja mimi nanunua katoni za panadol, na pia ningekaa mle ndani nikiperuzi simu tu, sijijui mimi?

Kuhusu hawa masista aliniambia mteja wangu wa dukani, muuguzi Mkatoliki, aliyewahi kukaa pale wiki nzima. Nikamuuliza, mnafanyaga nini huko? Akasema hakuna kitu. Nikamuuliza tena, ratiba ikoje? Akasema, mama nimekwambia hakuna kitu, kuna kengele na chakula. Nikapiga simu siku hiyo hiyo.

Usafiri. Unapanda gari za Sengerema pale stendi ya Nyegezi, unapita Usagara, unakunja kwenda Kigongo, halafu lile daraja la Kigongo hadi Busisi. Mimi sijalizoea bado. Kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa 2025, na gari inalikata dakika nne tano hivi, hujamaliza hata kutafuna karanga zako uko Busisi. Wakati wa vivuko ulikuwa unafika Kigongo unashuka, unapanga foleni saa nzima au zaidi, jua linakuchoma, unanunua machungwa, samaki wa kukaanga kwenye gazeti, unapiga stori na mtu usiyemjua anakwambia mpaka mambo ya mashemeji zake. Tulikilaani kile kivuko kila mtu kwa lugha yake, na kwa wagonjwa waliokuwa wanakimbizwa Bugando lile daraja ni ukombozi, hilo sibishani na mtu. Lakini nikiwa pale katikati ya maji nikagundua kwamba kivuko ndiyo sehemu pekee kwenye maisha yangu nilikokuwa nakaa bila kufanya chochote na hakuna wa kunilaumu. Ukipigiwa simu unasema niko kivukoni, mtu anaelewa, anakata. Sasa hivi nikisema niko darajani ataniambia basi ukishuka nipigie.

Kutoka barabara kubwa ni bodaboda, alinichaji 5,000 nikaona kaniibia, kurudi mwingine kachukua 3,000 kwa hiyo ndiyo, kaniibia. Njia ni vumbi na mawe, yale mawe yetu makubwa yaliyopangana utadhani kuna mtu alikuwa anacheza akaitwa kula akayaacha. Mvua ikinyesha sijui.

Nimefika getini kaja sista, mfupi, miwani, magoti ya gauni yana udongo. Mimi kwa mazoea, "Bwana Yesu asifiwe Sista!" akajibu "Amina," halafu na yeye akanisalimia, "Tumsifu Yesu Kristo," nikaganda. Jibu ninalijua jamani, nimesoma na Wakatoliki, ila pale lilikimbia lote, nikajibu "asante". Akacheka, akachukua begi langu akalibeba kichwani. Nikamwambia Sista lete nibebe mwenyewe, akasema, "Mama, umekuja kupumzika, anza na begi."

Hapo hapo lakini ndipo lilipokuja la kwanza la kunikera. Kwenye simu niliambiwa 35,000 kwa usiku pamoja na milo mitatu. Kufika, daftari linasema 45,000 kwa chumba chenye choo ndani, 35,000 ni vyoo vya nje. Siyo kwamba walinidanganya, sikuuliza na hawakusema, lakini ukipokea simu ya mgeni mwambie bei zote mbili mapema ajipange. Nimelipa 45,000 mara tatu, pesa taslimu maana kwa simu hawapokei, na mtandao wa kutolea hela kwa wakala mpaka urudi barabarani. Jipangeni na hilo.

Chumba nilipewa namba 6. Kitanda cha futi tatu na nusu kinacholia ukigeuka, godoro gumu zuri, chandarua hakijatoboka nimekikagua chote, meza, kiti, Biblia, msalaba ukutani. Feni hakuna, ila upepo wa ziwa usiku unatosha na kuzidi. Umeme ni wa sola, taa inawaka vizuri, chaji ya simu ni ofisini tu. Maji yapo kwenye simtanki, asubuhi ya baridi unaletewa ndoo ya moto ukiomba. Taulo hakuna! Nimekuta sabuni mpya imefungwa vizuri, taulo hamna, nikajifutia khanga siku tatu. Kwa 45,000 taulo ni haki ya mtu. Dirisha sasa, dirisha linaangalia ziwa moja kwa moja, kuna jiwe limelala mbele yake, na asubuhi wanapanda wale mijusi wa kichwa chekundu mwili wa bluu wanaota jua na pimbi wawili wanene hawaogopi mtu. Nilikaa nikiwaangalia wale pimbi muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa kumsikiliza mtoto wangu akinisimulia shule. Hilo nalo liliniuma, nikalihifadhi.

Kimya kinaanza baada ya chakula cha jioni mpaka baada ya chai ya asubuhi, na mchana kuanzia saa nane hadi saa kumi. Simu hawakunyang'anyi, wanakushauri uiweke kwenye droo. Mimi nikaiweka, nikaitoa, nikaiweka. Siku ya kwanza ile, sikilizeni, ilikuwa mbaya. Hakuna aliyeniambia kwamba ukisimama ghafla mwili unaendelea kukimbia, kama gari iliyofungwa breki mtu ukaenda na kioo. Moyo unadunda, mikono inatafuta kazi, nikafagia chumba ambacho kilikuwa kisafi. Nikafungua Biblia nikajikuta natafuta andiko la kuwapa akina mama Jumatano. Nikafunga. Nikaenda kanisani kwao, kadogo kazuri kanaangalia maji, nikakaa, kichwani nasikia sauti ya mwalimu wa kwaya, besi hamjaingia, besi hamjaingia. Nikaamua kesho narudi Mwanza.

Kesho yake sikurudi kwa sababu moja, nililala. Nililala kuanzia saa mbili usiku nikaamka saa tano asubuhi ya siku ya pili, sikusikia kengele, sikusikia chai. Nimeamka nimechanganyikiwa na aibu, mtu mzima mwenye watoto, nimekuja kumtafuta Mungu nimekoroma. Nikamfuata yule sista bustanini kuomba radhi. Alikuwa anapalilia mchicha, hakusimama. Akaniuliza kama ninamkumbuka Eliya pale chini ya mretemu. Nikasema namkumbuka Sista, alikata tamaa akaomba afe. Akasema, "Sasa malaika alipokuja alimhubiria nini?" Nikafikiri. Hakumhubiria. Alimgusa akamwambia inuka ule, kulikuwa na mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akalala tena, na malaika hakumfukuza, akamrudia mara ya pili na chakula kile kile. Sauti ya Mungu imekuja baadaye kabisa huko Horebu, baada ya siku arobaini za kutembea. Mimi hiyo sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza nimeifundisha, nina na daftari lake, na mkazo wangu siku zote ulikuwa kwenye moto na upepo na sauti ndogo ya utulivu. Mkate nilikuwa naupita. Sista akanionyesha jikoni kwa kidole chenye udongo, akasema wamekuwekea uji.

Chakula basi, tukiwa hapo hapo. Kwenye chakula nyota nawapa sita. Uji wa ulezi na maziwa, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) na karanga asubuhi, mchana ugali wa muhogo au dona, sato wa kuchemsha na ndimu na nyanya, mchicha wa bustani, mlenda kwa wanaojua raha ya mlenda, jioni wali maharage au viazi na dagaa wa kukaanga wakavu wanaolia mdomoni. Mpishi ni mama wa Kisukuma mkubwa, anakusalimia "mwangaluka" usipoitikia vizuri anarudia mpaka uitikie. Hakuna menyu, unakula kilichopo, na niliona kumbe hata hilo lilikuwa linanipumzisha, siku tatu hakuna aliyeniuliza mama leo tunapika nini.

Kengele ni mara tatu, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, wenyewe wanaita Malaika wa Bwana, sala ya kukumbuka malaika alivyomletea habari Bikira Maria. Ikilia kila mtu anasimama alipo anasali, haifiki dakika mbili, halafu wanaendelea. Siku ya pili nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni, kengele ikalia mpishi ana mwiko mkononi na ugali uko jikoni unataka kusongwa, akasimama tu na mwiko wake juu, povu linapanda, nikawa nataka kumwambia mama unaungua huo! Haukuungua. Mimi mambo ya Bikira Maria tunatofautiana nao na nilikuwa nasimama tu kimya kwa heshima, ila kule kukatishwa katikati ya kazi nilikupenda. Nina jirani Msabato pale Nyakato ana duka la vifaa vya ujenzi, Ijumaa jua likianza kuzama anashusha shata, mteja awe na laki tano mkononi au asiwe nazo. Miaka yote namwona kama anapoteza biashara. Nimerudi namwangalia kwa jicho lingine.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya niandike haya yote siyo la sista wala kanisa, ni la mzee wa bustani. Usiku wa kwanza kabla sijalala nilitoka nje nikategemea kuona taa za wavuvi wa dagaa, zile unazozionaga kutoka mlimani mjini unafikiri kuna mji mwingine umeota ziwani. Hakuna hata moja. Mwezi mkubwa juu, maji meupe, kimya, furukombe peke yake analia mbali. Nikadhani kuna msiba au oparesheni. Kesho yake jioni nikamkuta huyu mzee ameketi kwenye jiwe anaangalia maji, nikamwamkia, nikamuuliza. Akasema amevua dagaa tangu kijana, enzi za karabai mpaka hizi taa za sola za sasa, na dagaa wanavuliwa gizani, unaning'iniza taa juu ya maji wanaifuata. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote ni taa, dagaa wanatawanyika hawana sababu ya kuja kwenye kataa kako, kwa hiyo wavuvi wanabaki nchi kavu. Siku hizo wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanalala na wake zao, wanalima kidogo. Nikamwuliza, mzee na njaa je? Akasema njaa ipo lakini ukienda utatumia mafuta na utarudi na ndoo tupu. Halafu akasema, "Siyo sisi tuliamua mama, mwezi ndiyo umesema."

Nilikaa na hilo neno mpaka giza. Maana kanisani kwetu hakuna mwezi mpevu. Kila siku ni giza la kuvulia, kila siku taa iko juu ya maji, na mwenye kuthubutu kubaki nchi kavu wiki moja tunamwita amepoa. Mnalijua hilo neno. Fulani siku hizi amepoa, hajaonekana mazoezini, tumwombee. Mimi mwenyewe nimewaombea watu wengi sana waliopoa na leo nikiwahesabu, mmoja alikuwa anauguza, mwingine alikuwa na mimba inasumbua, mwingine alikuwa amechoka tu kama mimi. Hatukuwahi kuuliza. Tuliwaombea kwa sauti kubwa na kuwapangia zamu ya usafi.

Usiku huo niliomba. Sitaeleza niliomba nini, ila ilikuwa fupi na nilimaliza kwa amina.

Jumamosi sasa, twende kwenye spika. Niliambiwa nyumba ya kimya, nikalipia kimya. Jumamosi saa nne asubuhi linaingia basi la vijana wa semina, hawajui kosa lao watoto wa watu, wamekodishiwa ukumbi, wanashusha jenereta, mixer, spika mbili ukubwa wa friji, na saa tano wako hewani tesiti tesiti moja mbili, Yesu juu! Pimbi wangu wakakimbia. Nikaenda kwa yule sista, akashika kichwa, akasema ukumbi unakodishwa na ofisi nyingine na hela yake ndiyo inalipa mpishi. Naelewa, nyumba haiendeshwi kwa upepo. Ila basi mgeni aambiwe, Jumamosi hii kuna semina, njoo Jumatatu. Na ng'ambo ya ghuba nako usiku huo kulikuwa na baa ina muziki wake, maji yanabeba sauti vibaya mno, kwa hiyo usiku wa mwisho nililala na sifa upande mmoja na singeli upande mwingine. Kwa sababu hiyo ushauri wangu, nendeni katikati ya wiki, Jumatatu mpaka Alhamisi. Wikiendi msijaribu.

Kwa wapendwa wenzangu watakaouliza kuhusu imani. Hakuna aliyenihubiria kuhama dhehebu. Misa nilihudhuria Jumapili asubuhi, wakati wa komunyo nilikaa kwenye benchi, kwao wasio Wakatoliki hawapokei na sista aliniambia mapema kwa upole nisije nikajikuta kwenye mstari. Masifu yao ya asubuhi na jioni ni zaburi tupu, wanazipokezana upande huu na upande ule polepole, wanavuta pumzi katikati ya mstari, mtu wa kwaya atateseka kidogo mwanzoni maana hakuna kinanda na hakuna haraka. Mimi siku ya tatu ndiyo nikaingia. Kuna sista mzee sana anayeimba nje ya sauti kabisa na hakuna anayemgeukia. Kwetu tungeshamshauri ahamie idara ya maombi.

Mambo madogo madogo. Msiogelee, hata maji yawe yanakuita, ufukwe wa ziwa letu una kichocho na kuna kibao wameandika, watu wa mjini tunajisahau. Mbu wanaanza saa moja jioni, vaa mikono mirefu. Netiwaki ni ya kubahatisha, kuna jiwe moja nyuma ya jiko watu wanapanda kupiga simu, mimi nililipanda mara mbili tu, kusalimia nyumbani. Beba taulo, tochi, kandambili, dawa zako, hela taslimu. Usibebe kitabu cha masomo ya kuandaa wala daftari la michango, nakuona unavyolichomeka kwenye begi. Na kama una jambo zito linalokuelemea, kufiwa juzi, au mawazo mabaya ya kujidhuru, usiende ukakaa peke yako kwenye chumba kimya, anza kwa mchungaji au padre na mtu wa hospitali, masista wenyewe walisema hawapendi mtu wa namna hiyo aje peke yake. Mwenye watoto wadogo wanaonyonya hapatamfaa pia. Wanandoa wanapokelewa, vitanda ndiyo hivyo futi tatu na nusu, mtajijua.

Ambaye hana siku tatu wala hiyo laki na thelathini na tano, nina mawazo mawili ya karibu. Kisiwa cha Saanane unavuka na boti kutoka mjini dakika chache tu, siku ya kazi asubuhi kunakuwa hakuna watu, unakaa kwenye jiwe. Au panda gari za Kisesa uende Bujora, lile kanisa la duara kule kwenye makumbusho ya Wasukuma, mlango ukiwa wazi kaa ndani nusu saa. Siyo sawa na kulala lakini siyo haba.

Nimerudi Jumapili mchana. Simu nilipoiwasha darajani iliingiza meseji 614 na ikaganda, nikaiacha iendelee kuganda. Jumanne nilimfuata mwenyekiti wa kwaya nikamwambia hazina naikabidhi mwisho wa mwezi, vitabu viko sawa, na Alhamisi sitakuwa nakuja mazoezini, nitakuwa nakaa na watoto. Akanyamaza. Akaniuliza kwa sauti ya huruma kabisa, "Mama, kuna shida? Umepoa?" Nikamwambia mwenyekiti, mwezi umekuwa mkubwa. Hakunielewa, nasikia jina langu limepelekwa kwenye maombi ya Jumatano. Kamati ya ujenzi bado sijachomoka, wale wajanja, kila nikitaka kusema wanahamisha ajenda.

Nafasi nyingine nimeshaweka, Jumatatu hadi Alhamisi, nimeangalia kalenda ya mwezi kwanza. Sista aliuliza nataka chumba gani, nikasema kile kile namba 6. Kitanda kinalia, najua. Taulo nabeba langu.